Umeletewa mtoto aliyepitia magumu? Namna ya kumlea mpaka atulie

Hii naiandikia mtu wa aina moja hasa, yule ambaye simu imepigwa usiku kutoka Ukerewe au Kome au Sengerema kwamba dada kafariki, au shemeji kaondoka na mtoto hana wa kukaa naye, na kabla wiki haijaisha mtoto kashuka melini na kamfuko ka nguo, sasa anakaa kwako hapa Mwanza, Igoma au Buhongwa au Nyasaka. Siku za mwanzo anakaa kimya, kila mgeni anakusifia umepata mtoto mtulivu, alafu mambo yanaanza. Anaficha ugali chini ya mto, anakojoa kitandani, anapiga wenzake, ukimwita anakuangalia tu, ukimgusa bega ghafla anaruka. Majirani nao washaanza, huyu anasema mkaidi, yule anasema kuna kitu katumiwa mtoto wa watu, na mjomba anakwambia mpe fimbo mbili tatu atanyooka.

Mi ni mwalimu wa darasa la awali huku Ilemela na nyumbani nalea mtoto wa marehemu dada yangu, kwahiyo ninayoandika hapa ni ya kufanya jikoni na uani kwako. Na la msingi naliweka juu kabisa ili hata usipofika mwisho uwe nalo: mtoto wa hivi anachohitaji kuliko vyote ni mtu mzima mmoja ambaye leo yuko hivi, kesho yuko hivyo hivyo, na keshokutwa vile vile, mpaka mwili wa mtoto uamini. Mengine yote chini ni namna ya kuwa huyo mtu.

Kichwani kwake kunaendelea nini

Usiruke hapa, manake ukishaelewa hii utajikuta hasira zinapungua zenyewe. Mtoto anazaliwa ubongo wake una uzito kama robo hivi ya ubongo wa mtu mzima, akifika miaka mitano umeshakaribia asilimia 90. Yani kazi kubwa ya ujenzi inaisha kabla hajavaa sare ya darasa la kwanza. Na ubongo haujengwi na uji peke yake, unajengwa na yanayomtokea mtoto kila siku, seli zinaungana kwa wingi mno, njia zinazotumika sana zinaimarika na zisizotumika zinapunguzwa, kama vile vinjia vya kushukia ziwani katikati ya mawe, kinachopitwa kila asubuhi na wachota maji kinabaki cheupe na kilichoachwa kinaota majani mpaka hukioni. Mtoto aliyelia akabebwa, akalia tena akabebwa, kinachoimarika kwake ni kujua kwamba nikiumia kuna mtu anakuja. Aliyelia mpaka akaacha mwenyewe, au aliyekuwa analala masikio wazi kusikiliza kama baba karudi amelewa, kinachoimarika ni kukaa macho.

Sasa stresi yenyewe sio adui. Mwili ukishtuka unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, ndio hiyo inayomfanya mtoto aruke pembeni bodaboda ikija. Na stresi ya kawaida, mfano siku ya kwanza shule au kuchomwa sindano huku amekumbatiwa, inapita. Kinachoharibu ni pale hiyo hali inawashwa kila siku kwa miezi na miaka, njaa, kipigo, mama anapigwa mbele yake, kulala kwa huyu leo na kwa yule kesho, na hakuna mtu mzima wa kumtuliza ikashuka. Wataalam wanaiita stresi sumu na inagusa sehemu kama tatu hivi. Kuna amigdala, kasehemu kadogo ndani kanakonusa hatari, hii inakuwa nyepesi kushtuka. Kuna hipokampasi inayohusika na kumbukumbu na kujifunza, kotisoli ikizidi muda mrefu inaiumiza. Alafu kuna ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, unaosaidia mtu kusubiri, kujizuia, kufikiri kabla hajarusha jiwe, huo unachelewa kushika kazi yake. Na ujue huo wa mbele hata kwa mtoto aliyelelewa kwa raha zote unaendelea kukomaa mpaka miaka ishirini na kitu huko.

Unganisha sasa. Upepo wa ziwa umebamiza mlango, mtoto wako wa kumzaa anageuka kidogo anaendelea kucheza, huyu mwingine yuko chini ya meza au kashampiga aliye karibu naye. Hajakudharau. Mwili umeshajibu hatari kabla akili haijaangalia ni mlango tu. Ukimuuliza kwanini umempiga mwenzio anakwambia sijui, na kweli hajui.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda waliutoa 1998, watu wazima zaidi ya 17,000 wa San Diego kwa jumla wakaulizwa walichopitia utotoni, kupigwa, kudhalilishwa, kutelekezwa, kuishi na mlevi, mama kupigwa na mengine ya hivyo, wakaona mambo hayo yalivyozidi kuwa mengi kwa mtu ndivyo na hatari ya sonona, ulevi, hadi ugonjwa wa moyo ilivyopanda. Watu wakisikia hivi wanakata tamaa, wanasema basi huyu kashaharibika. Hapana, ule utafiti unasema kuhusu kundi la watu, hautabiri maisha ya mtoto mmoja. Na kuna mwingine ambao mimi naupenda zaidi, Emmy Werner alifuatilia watoto waliozaliwa 1955 kisiwa cha Kauai kule Hawaii kwa miaka mingi mpaka wakawa watu wazima, wale waliokuwa kwenye hatari nyingi kabisa, umaskini, wazazi wagonjwa au walevi, kama theluthi moja walikua vizuri tu, na kwenye maisha yao mara kwa mara alikuwepo mtu mzima mmoja aliyewashikilia, bibi, shangazi, mwalimu. Sasa shangazi mwenyewe si ndio wewe.

Anza hospitali

Kabla hujasema mtoto ana matatizo ya kichwani mpeleke akapimwe. Huku kwetu mtoto anayesinzia darasani, mzito, hataki kucheza, anaweza kuwa na malaria, minyoo, upungufu wa damu au kichocho, na kama katoka visiwani au vijiji vya mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakoshushia samaki, kichocho usikisahau kabisa, watoto wanaoga na kuchota maji humo humo ziwani. Waombe wamuangalie masikio, wengine tunawaita wakaidi kumbe usaha umewaharibu hawasikii. Kama wazazi wamefariki na hujui sababu, omba na kipimo cha VVU, dawa zipo na ni bure. Chukua kadi yake ya kliniki kama ipo, chanjo ambazo hakupata muulize nesi. Ukimaliza hayo ndio unarudi kwenye tabia.

Chakula, usingizi, na kuondoka kwako

Haya matatu ndio yatakusumbua mwanzo, na nayapa nafasi kubwa kwasababu ukiyaweka sawa mengine mengi yanapungua yenyewe.

Mtoto anayeficha chakula usimwite mwizi na usimuaibishe mbele ya wenzake. Aliwahi kulala njaa, mwili unakumbuka. Mpe kopo lake lenye mfuniko, weka michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) au karanga au kipande cha kiazi, mwambie hii ni yako, ikiisha niambie tunajaza, na kweli ikiisha jaza, usitanie. Kila mkimaliza kula sema kinachofuata, "sasa hivi tumekula ugali na dagaa, jioni tutakula wali maharage, asubuhi kuna uji." Inaonekana jambo dogo lakini unamfundisha kwamba chakula kinarudi. Wengine wanakula mpaka wanatapika mwanzoni, usimpokonye sahani, pakua kidogo kidogo na mwambie kipo kingine. Hii inaweza kuchukua miezi, usiwe na haraka ya kuliondoa lile kopo hata akianza kulisahau.

Usingizi. Mtoto wa hivi usiku ndio mbaya, giza likiingia ndio mambo yalikuwa yanatokea. Fanya vitu vile vile kwa mpangilio ule ule kila usiku, kuoga, kula, kuswali au kusali, hadithi fupi, taa. Kama anataka taa iwake acha iwake, kama umeme umekatika weka katochi karibu yake. Mwonyeshe wewe unalala wapi na mwambie ukiamka unaogopa njoo uniamshe, alafu akija usimfokee kwamba amekuharibia usingizi. Kukojoa kitandani kwa mtoto mwenye hofu ni kawaida kabisa, weka nailoni chini ya shuka, asubuhi badilisheni pamoja kimya kimya. Ile tabia ya kumtembeza na godoro lake mtaani ili aone aibu naomba iishe, kwakweli inaumiza na haikaushi godoro.

Kuondoka. Sisi tumezoea kumtoroka mtoto, anacheza unatokea mlango wa nyuma unawahi daladala ili asilie. Kwa mtoto ambaye mama yake aliondoka hakurudi, au baba alienda kuvua akapotea ziwani, kila ukimtoroka unamthibitishia kitu anachokiogopa kuliko vyote. Muage. Alie, sawa, alie akiwa anajua. Mwambie unaenda wapi na unarudi lini kwa kipimo anachokielewa, sio saa tisa na nusu, sema nitarudi watoto wa shule wakishapita, au kabla ya adhana ya magharibi. Alafu urudi muda huo. Ukichelewa piga simu kwa aliyebaki naye, aongee na wewe. Na kuna sentensi moja usiiseme hata ukiwa umekasirika vipi, "nitakurudisha ulikotoka." Mtoto wa kuzaa anasikia ni hasira tu, huyu anasikia tarehe ya safari.

Kwenye nyumba zetu za watu wengi kila mtu anaagiza mtoto, mama mkubwa, baba mdogo, dada wa kazi, kaka aliyetoka chuo. Wiki za mwanzo chagueni mtu mmoja, huyo ndio anamuogesha, anamlaza, anamshika akiumia. Wengine wampende kwa mbali kidogo. Akishashika huyo mmoja atawafikia na wengine.

Akilipuka

Hapa ndio watu wengi wanataka majibu. Mtoto amerusha kikombe, anapiga kelele, anauma. Wakati huo ule ubongo wa mbele haufanyi kazi vizuri, kwahiyo hotuba yako haina wa kuipokea. Mwili kwanza, maneno baadae.

Shuka chini uwe kimo chake, kaa ubavuni kuliko kumsimamia mbele. Shusha sauti, na kweli ishuke, wengi tunasema tulia kwa sauti ya kumtisha hata mtu mzima. Usimlazimishe akuangalie machoni. Ondoa watoto wengine na vitu vya kurusha. Sema maneno machache hayo hayo, "niko hapa, hakuna atakayekupiga." Kama anakubali kuguswa muweke mkono mgongoni, kama hakubali kaa tu karibu. Pumua wewe pole pole kwa kusikika, mtoto ataanza kufuata bila kuambiwa. Mimi darasani nawafundisha kupuliza uji wakiwa wametulia, unashika mikono kama bakuli, unavuta harufu ya uji wa ulezi puani, unapuliza taratibu upoe, mara tano hivi. Tunaicheza kila asubuhi kama mchezo, ikija siku ya kelele nashika mikono tu na wao wanaanza kupuliza. Ukiifundisha wakati wa kulipuka haishiki, ifundishe siku za amani.

Akishatulia, baada ya nusu saa au hata jioni, ndio unaongea. Fupi. "Ulikasirika Neema alipochukua gari lako. Kukasirika sawa. Kupiga hapana. Siku nyingine njoo uniite." Mpe majina ya vinavyomtokea ndani, hasira, woga, wivu, aibu, huzuni, kwasababu watoto wengi hawa wanajua mawili tu, nimekasirika na sijambo. Na kama alikotoka walikuwa wanaongea Kisukuma au Kikerewe na wewe unakijua, hapo ongea hicho, hata kama nyumba yako ni ya Kiswahili tupu. Mtoto akiwa na hofu ile lugha aliyobembelezewa inamfikia haraka zaidi.

Kuhusu fimbo

Najua wengi mtabisha na mimi sitapunguza. Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini huyu alishakunjwa na wengine kabla hajafika kwako. Fimbo inamwambia ile amigdala kwamba ilikuwa sahihi kukaa macho, hata humu ndani kuna hatari. Anaweza kunyamaza baada ya kupigwa na ukaona imefanya kazi, kumbe ameganda tu, hajajifunza kitu manake akili iliyo kwenye hofu haihifadhi somo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walishafanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Kwahiyo fimbo tumeijaribu vya kutosha nchi nzima.

Kutokupiga haimaanishi hakuna sheria, mtoto huyu anahitaji sheria kuliko wengine. Chache, na zisizobadilika kutokana na umeamkaje. Amemwaga maji makusudi, mnafuta wote, yeye na tambara na wewe na tambara. Amevunja kitu cha mwenzie, anasaidia kukitengeneza au anatoa muda wake wa kuchezea. Amepiga, anakaa karibu na wewe, sio kufungiwa chumbani peke yake, kufungiwa kwa mtoto aliyetelekezwa ni kumrudisha kule kule.

Yule mpole kupita kiasi, na yule anayekumbatia kila mtu

Hawa wawili wanasahaulika. Mpole haombi, halii hata akichubuka goti, anakula anachopewa, anaosha vyombo bila kuambiwa akiwa na miaka minne. Tunamsifia ana adabu. Mtoto wa miaka minne asiyelia akiumia mara nyingi ameshaona kulia hakuleti mtu. Huyu usisubiri akuombe, wewe ndio umfuate, "goti linauma? njoo tulioshe." Siku atakayolia kwa nguvu na kukukimbilia, furahi, hata kama majirani wanauliza mtoto kaanza deko.

Anayekumbatia kila mtu, anapanda mapajani kwa konda, anamfuata mgeni getini, watu wanasema mchangamfu. Kwenye utafiti wa Bucharest nchini Romania, ulioanza 2000 chini ya Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya yatima walifuatiliwa, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea na nusu wakabaki, na hii tabia ya kumfuata mtu yeyote bila kuogopa ilionekana sana kwa waliokulia vituoni. Hakupata mtu wa kwake kwahiyo kila mtu ni wa kwake. Ni hatari, mji wetu ni mkubwa na stendi ziko karibu. Waambie ndugu na majirani kwa upole, anayembeba, anayemlisha, anayempa zawadi ni watu wa nyumbani tu kwa sasa, wengine wampungie mkono. Mfundishe kukuangalia wewe kwanza kabla hajamfuata mtu.

Na huo utafiti wa Bucharest una jambo lingine la kukupa moyo na haraka kwa pamoja. Waliopelekwa kwa familia walifanya vizuri kuliko waliobaki vituoni, kwenye akili na kwenye hisia, na waliopelekwa kabla ya miaka miwili hivi walipata nafuu zaidi. Kwahiyo kama familia inajadiliana mtoto mchanga aende kwa nani, msikae vikao mwaka mzima.

Kumjua

Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, vijijini karibu na Kampala, ziwa letu hili hili upande wa pili, anatembelea akina mama na watoto wao wachanga majumbani. Jambo moja aliloliona ni kwamba watoto waliokuwa wametulia na salama kwa mama zao, mama hao walikuwa na maelezo mengi sana kuhusu mtoto, anapenda nini, analiaje akiwa na njaa na analiaje akiwa na usingizi, hawakusubiri kuulizwa. Hii igeuze iwe kazi yako ya kila jioni. Jiulize, leo kacheka wapi? Kashtuka na nini? Hakula nini? Amemtaja nani? Kama huna jibu kesho tafuta robo saa ukae naye. Sio lazima midoli, mkichambua dagaa pamoja kwenye ungo inatosha, yeye akionyesha kitu wewe unajibu, akisema neno unaliongezea moja. Huko kurushiana ndio kunakojenga ubongo, na kunafanya kazi ukiwa umeweka simu chini.

Kwenye kumjua kuna na habari ya mama yake. Usimwambie mama kasafiri. Atasubiri, na siku akijua atakuwa amempoteza mama na kukupoteza na wewe uliyemdanganya. Sema kwa maneno mafupi ya kweli, "mama aliumwa sana, akafariki, mwili wake haufanyi kazi tena, hawezi kurudi, sio kosa lako, mimi ndio nakulea." Watoto chini ya miaka mitano sita hawashiki kwamba kifo hakirudi nyuma, atauliza tena kesho na mwezi ujao, jibu hivyo hivyo. Kama kuna picha ya mama mpe, kama ni nguo au khanga yake iache isifuliwe kwanza.

Shule

Nenda mwenyewe kwa mwalimu kabla mwalimu hajakuita. Huna haja ya kumwaga habari zote za familia, mwambie tu mtoto alipitia kipindi kigumu, anashtuka na kelele, naomba akae mbele karibu na wewe, asisimamishwe mbele ya darasa, na akikwama usimuite mjinga. Kumbukumbu yake inaweza kuwa nzito kweli, akili ikitumia nguvu kulinda haibaki ya kutosha ya herufi. Mara nyingi akitulia nyumbani na shuleni napo mambo yanaanza kufunguka.

Wakati wa kutafuta msaada, usisubiri

Akijiumiza mwenyewe, akitesa wanyama, akiacha kuongea kabisa, akikataa kula siku kadhaa, au akifanya michezo ya kingono ambayo mtoto wa umri wake hawezi kuijua bila kufanyiwa au kuonyeshwa. Ule utafiti wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, kwahiyo usiseme kwetu hakuna. Akikwambia ametendewa, sema nakuamini, sio kosa lako, asante kwa kuniambia. Usimhoji mara kumi na usimuite kila ndugu aje kusikia. Kama limetokea karibuni usimuogeshe, mpeleke hospitali ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora, kuna dawa za kuzuia VVU ambazo baada ya hapo hazisaidii. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, halmashauri ina afisa ustawi wa jamii, namba ya msaada kwa mtoto ni 116 na kupiga ni bure. Hospitali ya Bugando wana idara ya afya ya akili, na kupelekwa pale hakumaanishi mtoto ni chizi. Serikali yenyewe Desemba 2021 ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka sifuri hadi minane, ile PJT-MMMAM, kwahiyo ukiingia ofisi ya ustawi kuulizia msaada wa kulea hujaenda kusumbua mtu.

Akirudi nyuma, na wewe ukichoka

Atarudi nyuma. Miezi mitatu shwari alafu msiba jirani, au umehama nyumba, au mwezi aliofariki mama umefika, godoro linalowa tena na kopo la karanga linafichwa tena. Haimaanishi kazi imeharibika. Rudisha ratiba ya siku za mwanzo, taa, hadithi, kuaga vizuri, kwa wiki kadhaa.

Na wewe utachoka, hasa kama na wewe ulilelewa kwa kipigo, kelele zake zitakuamshia ya kwako. Tafuta mtu wa kukupokea mara moja kwa wiki, jirani au mwenzio wa kikoba, awe yule yule ili mtoto amzoee. Siku utakayomfokea usijione umemaliza kila kitu. Edward Tronick, yule aliyechunguza nyuso za akina mama na watoto wachanga, aliona hata mama na mtoto wanaopatana vizuri wanakuwa sambamba kama asilimia 30 ya muda tu, muda mwingine wanapishana na kurudiana, na huko kurudiana ndiko mtoto anakojifunzia kwamba mambo yakiharibika yanatengenezeka. Kwahiyo rudi siku hiyo hiyo, kabla hajalala. Kaa chini kimo chake, sema "nilikufokea, ulishtuka, halikuwa kosa lako mimi kupiga kelele, nitashusha sauti." Usimdai akusamehe wala akukumbatie, na usimpe soda kulipia. Alafu endeleeni na kile mlichokuwa mnafanya, kama ni kuoga akaoge, kama ni hadithi mmalizie pale mlipoishia.